Sauti Nyuma ya Kiganja

Mara ya kwanza nilipoitazama ile video nilikuwa na hakika askari kaficha kitu. Picha ilikuwa ikienda vizuri: chumba cha mtumishi, kitanda cha chuma, begi limefunguliwa sakafuni, nguo zinatolewa moja moja. Ghafla kiganja kikaja mbele ya kamera na kila kitu kikawa cheusi. Sauti ziliendelea. Mwanamke anapiga ukelele, mtoto analia, mwanamume anasema haraka haraka na mwingine anamjibu. Kiganja kilipoondoka, mshitakiwa alikuwa keshakiri wizi.

"Umeona?" nikamwambia ustadha. "Hapo ndipo walipomfanyia mchezo."

Ustadha ndiye aliyekuwa bosi wangu, Msaudia, mmoja wa wanawake wa mwanzo mwanzo kupewa leseni ya uwakili mjini Jeddah. Watu wote walimwita ustadha, na mimi nikamwita hivyo hivyo. Mwenyewe nilikuwa wakili kwetu Mombasa, nikitetea vijana waliokamatwa na bangi na kina mama waliovunjiwa vibanda, mpaka mume wangu alipopata kazi ya ufundi wa mitambo ya maji Saudia nikamfuata. Huko mgeni hasimami mbele ya hakimu kama wakili. Lakini ilikuwa miaka ile mawakala wa kwetu wakijaza ndege kwa wasichana wa kazi za nyumbani, na kesi zao zikaanza kufika kwa mawakili, na hao mawakili hawakujua Kiswahili. Ustadha akaniajiri nimsomee, nimsikilizie, nimtafsirie.

Kazi ya utetezi humharibu mtu. Mume wangu akichelewa akaniambia kuna foleni, nilikuwa namuuliza foleni ya barabara gani. Muuza samaki akinipunguzia bei bila kuombwa, nilimfunua samaki mashavu upya. Kwa hiyo kiganja kile mbele ya kamera kilinipa raha fulani, ya kuona nilichokuwa nakitafuta.

Ustadha akairudisha video nyuma, akaisimamisha pale pale kabla ya giza. Pembeni mwa picha kulikuwa na nguo ya waridi, ya kuvaa ndani ya nyumba.

"Huyo ni madam wa nyumba," akasema. "Kaingia hana baibui wala mtandio. Askari kaziba kamera asimrekodi mke wa mtu kichwa wazi. Angemrekodi, yeye ndiye angeshitakiwa."

Nikaiangalia tena ile nguo ya waridi. Lakini sikuacha kumshuku yule askari kwa siku hiyo.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Mwanamke wa upande wa Kakamega, mama wa mtoto mmoja, alikuwa akifanya kazi katika nyumba moja ya Al-Safa. Bangili ya dhahabu ya madam ikapotea. Baba wa nyumba akaita polisi, wakaja wawili, na mmoja wao alikuwa amevaa kamera ndogo kifuani, kitu ambacho wakati ule wengi wetu hatukuwa tumekiona. Upande wa mashitaka uliileta video yake kwa fahari, na maandishi ya Kiarabu juu ya picha: mshitakiwa amekiri kwamba aliificha bangili ndani ya kitambaa cheupe, kisha akampa mtu wa Karantina, mtaa wa wageni maskini.

Kamera ya kifuani haioni kama aonavyo mtu. Inatazama kutoka usawa wa kifua, na askari akisogea karibu, vichwa vyote hukatika. Ukikaa nayo unaanza kuwajua watu kwa mikono na viatu. Mteja wetu nilimjua kwa mikono yake miwili iliyoshikana kama ya mtu anayesikia baridi. Mtu mwingine alikuwa na makubadhi ya ngozi na saa yenye mkanda uliofungwa kwa uzi. Huyo alikuwa dereva wa nyumba ile, Mkenya pia. Askari hawakujua Kiswahili, na mteja wetu Kiarabu chake kilikuwa cha jikoni, leta, ondoa, halas ya kusema imetosha, mafi ya kusema hakuna, basi baba akamwita dereva aje atafsiri.

Nikavaa visikilizio vya masikioni nikaanza kusikiliza lile giza. Kiyoyozi kilikuwa kikivuma kama lori. Mtoto wa nyumba ile alikuwa analia karibu kabisa na kamera. Nikaongeza sauti mpaka sikio likaniuma, nikarudisha, nikasikiliza tena.

Askari anauliza kwa Kiarabu: "Hiki nini?"

Dereva kwa Kiswahili: "Anauliza hii ni nini."

Mteja wetu: "Ni nywele za mtoto wangu. Nilimnyoa kabla nije."

Na dereva, kwa Kiarabu kilichovunjika lakini kinachoeleweka: "Anasema bangili alikuwa ameiweka humu."

Nilivua visikilizio.

"Hakukiri," nikamwambia ustadha. "Hakutaja bangili kabisa. Dereva ndiye aliyeitaja."

Nikamtafsiria neno kwa neno. Akavua miwani akaifuta kwa pembe ya mtandio, jambo alilolifanya anapofurahi na hataki kuonekana.

"Una hakika?"

"Kama ninavyokusikia wewe."

"Basi mwizi ni dereva."

"Ndivyo ninavyoona mimi."

Na kadiri nilivyoitazama video ndivyo nilivyozidi kuona. Kabla ya giza, mkono wenye saa ya uzi ulikuwa mtupu. Baada ya giza ulikuwa umeshika kitambaa, ukamkabidhi askari, nacho kilikuwa kimekunjuliwa, hakina kitu. Katika vielelezo vya mashitaka kiliandikwa kitambaa kimoja cheupe, basi. Zile nywele zilikwenda wapi? Mtu asiye na hatia angezitoa kwa nini?

Tulikwenda kumwona mteja wetu gerezani. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, anayezungumza polepole kama mtu aliyeonywa asikosee. Aliniita madam. Nikamwambia hapa hakuna madam, niite dada, akaitikia ndiyo, kisha akaniita madam tena.

"Polisi wanasema ulikubali umeiba," nikamwambia.

"Mimi? Nilikubali nini?"

"Kwamba bangili uliifunga ndani ya kitambaa."

"Kwa kitambaa kulikuwa na nywele za mtoi wangu! Niliwaambia. Dereva akawaambia."

"Una hakika dereva aliwaambia?"

"Si alikuwa hapo akiongea. Alinitetea, madam. Hata aliniambia polepole, 'Nyamaza, usiongeze neno lingine, wacha mimi niongee.'"

Hayo sikuyasikia kwenye video. Nikayaweka kichwani pamoja na mengine.

"Ni rafiki yako?"

"Ni mtu wa kwetu tu."

"Rafiki wa namna gani?"

Akanitazama kwa hasira, na hiyo hasira niliiamini. "Ako na bibi nyumbani. Na mimi niko na bwana. Usiniulize hivyo."

"Ijumaa, siku yake ya mapumziko, alikuwa anakwenda wapi? Anajua mtu yeyote Karantina?"

Hapo akatazama chini. Alichelewa kidogo tu kujibu, lakini mimi kazi yangu ndiyo hiyo.

"Alikuwa anaenda huko," akasema. "Kila Ijumaa."

"Kufanya nini?"

"Sijui."

Alijua. Nilipomtafsiria ustadha nikaongeza maoni yangu: dereva ana watu Karantina wa kununua dhahabu ya wizi, na huyu anamficha, ama kwa mapenzi ama kwa woga. Tulipokuwa tunaondoka mteja wetu akanivuta mkono wa baibui.

"Madam, waulize polisi. Nywele ziko wapi? Kitambaa wabaki nacho, mimi nataka nywele."

Nikamwambia nitauliza. Sikujua nitamuuliza nani.

Ustadha akapiga simu nyumba ya Al-Safa kuomba dereva aje ofisini kwa maswali. Baba akajibu kwa adabu sana kwamba dereva hayupo Jeddah tena, amempeleka kwa ndugu yake Riyadh, huko wanahitaji mtu wa kupeleka watoto shule. Amempeleka lini? Wiki ile ile polisi walipokuja nyumbani.

"Na huyu naye anaficha nini?" nikasema. Sasa nilikuwa na askari, dereva, baba, na mteja wangu mwenyewe, wote nawashuku, na kila mmoja kwa sababu nzuri.

Mume wangu alikuwa na safari ya kikazi Riyadh mwezi ule, nikamwomba niende naye. Namba ya dereva niliipata kwa kina dada wa kwetu wenye kikundi chao cha simu, ambao humpata Mkenya yeyote popote alipo kabla kafili wake, mwajiri aliyemdhamini, hajajua. Mwanzo hakupokea. Nikamwandikia kwamba mimi ni wa Mombasa, nafanya kazi kwa wakili wa yule dada. Akajibu neno moja: Batha. Halafu siku na mahali.

Ijumaa baada ya sala mtaa wa Batha, katikati ya Riyadh, hujaa mpaka miguu haioni pa kukanyaga. Watu wa kila nchi wamesimama barabarani kwa mafungu, wengine wanatuma pesa, wengine wanatafuta basi, wengine hawafanyi lolote isipokuwa kusikia lugha yao. Tulimkuta dereva kwenye mkahawa wa chai, upande wa familia uliogawanywa kwa mapazia. Mume wangu akakaa nasi, kwa sababu bila yeye nisingeweza kukaa pale na mwanamume wa nje, naye akajifanya anasoma simu.

Nilimjua kwa saa kabla sijamtazama uso. Alikuwa mtu mzima, mfupi, wa Nakuru, mwenye mvi mbili tatu kidevuni. Hakugusa chai.

"Madam, kwanza zima simu uiweke hapa mezani," akasema. "Na ya mzee pia."

Tukazima.

"Sasa niambie. Wewe ni wa madam wa Al-Safa ama ni wa yule dada?"

"Ni wa dada."

"Nitajuaje?"

Sikuwa nimejiandaa kushukiwa mimi. Nikamweleza habari za gerezani, jinsi alivyo mrefu, anavyozungumza, na kwamba ameniomba nimtafutie nywele za mtoto. Aliposikia nywele akafumba macho.

"Nilisikiliza video," nikamwambia. "Yeye alisema ni nywele za mtoto. Wewe ukamwambia askari bangili ilikuwa humo. Kwa nini ulidanganya?"

"Video iko na hiyo?"

"Iko na sauti yote."

Akaegemea mbele. "Na ulisikia madam alisema nini?"

"Alipiga kelele tu. Mtoto alikuwa analia, hakusikiki."

"Basi rudi usikize vizuri. Madam aliingia, akaona nywele kwa mkono ya polisi. Akasema ni zake. Akasema, 'Sihri! Sihri! Anatufanyia sihri!'"

Sihri ni uchawi. Mume wangu akainua macho kutoka kwenye simu yake iliyozimwa.

"Polisi waligeuza uso juu ya kichwa chake wazi, mtoto analia, sidhani walimsikia vizuri. Ni miaka mingi niko hii nchi," dereva akaendelea. "Mwizi anafungwa, anarudishwa nyumbani. Lakini mtu akisemwa ni mchawi, hiyo sijui inaisha wapi. Na sikutaka kujua. Polisi aliniangalia, akaniuliza huyu anasema nini. Nilikuwa na muda wa kumeza mate tu. Kila mtu alikuwa anatafuta bangili, nikawapa bangili."

"Na nywele?"

"Nilimwambia polisi nimsaidie kukunjua kitambaa. Nikazishika. Nikaziweka kwa mfuko. Nilienda choo nikazitupa na maji."

"Na mtu wa Karantina?"

"Aliuliza, bangili iko wapi sasa? Nikasema amepea mtu wa Karantina. Karantina kuna watu wengi, wangemtafuta nani?"

"Wangeweza kumkamata mtu yeyote."

Nikamwuliza yeye mwenyewe alikuwa anafuata nini huko kila Ijumaa. Akatazama pazia, akashusha sauti mpaka nikalazimika kuinama.

"Kuomba. Kuna chumba tulikuwa tunakutana, watu wa kanisa. Tunaimba polepole. Yule dada anajua, alikuwa anatuma maombi yake na mimi." Akaniangalia sawasawa. "Hiyo nayo usiandike mahali."

Kwa hiyo lile "sijui" la gerezani lilikuwa hilo. Nilipaswa kutulia, lakini sikutulia, kwa sababu lilikuwa limebaki swali moja na yeye alikuwa hajaligusa.

"Na bangili ilikwenda wapi?"

"Sijui bangili."

"Kweli?"

"Madam, hiyo nyumba watu wanaingia, wanatoka. Mashangazi, majirani, fundi wa kiyoyozi. Mimi naendesha gari."

"Lakini ukimwambia askari kwamba imeshauzwa, hakuna atakayeitafuta nyumbani. Hata kwako."

Akachukua chai yake kwa mara ya kwanza.

"Kama niliichukua, ningekuja hapa kuonana na wewe?"

"Mwizi mjanja angekuja."

Akacheka, kicheko kifupi cha kweli, na mume wangu akacheka naye. Mimi nilikuwa nikiangalia mkono wake uliokuwa juu ya kikombe. Ulikuwa umetulia. Hata hilo sikulijua maana yake. Alisema bosi alimhamisha Riyadh bila kumweleza sababu, aliambiwa tu yalla, panda gari. Tulipoagana akaniomba nisimtaje, nikamwambia nitafanya ninaloweza. Wakati ule nilifikiri ni jibu la haki.

Tuliporudi Jeddah nikaenda moja kwa moja ofisini. Nikavaa visikilizio, nikaenda kwenye lile giza. Sasa nilijua natafuta nini. Chini ya kilio cha mtoto, chini ya kiyoyozi, lile neno lilikuwapo. Mara ya kwanza limemezwa nusu. Mara ya pili liko wazi, na baada yake "nywele zangu, nywele zangu!" Kisha, karibu sana na kamera, mnong'ono wa Kiswahili ambao niliupita kila mara nikidhani ni nguo inayokwaruza: "Nyamaza, usiongeze neno." Kelele za madam zilikuja kabla ya swali la askari, mnong'ono baada ya jibu la dereva.

Nikampa ustadha asikilize mwenyewe, maana hili lilikuwa la lugha yake. Alisikiliza mara moja tu. Akasimama, akafunga mlango wa ofisi, akarudi kukaa.

"Tafsiri yako umeiandika?"

"Bado."

"Usiiandike."

Nilimwelewa, na nikakasirika. Tulikuwa na ushahidi wa kumwokoa mtu na shitaka la wizi, wazi kabisa, kwa sauti yake mwenyewe. Tungeucheza mbele ya hakimu, maungamo yangeanguka pale pale. Lakini hakimu angeuliza jambo moja ambalo mtu yeyote angeuliza: kama hakukiri, basi alisema nini? Na tungelazimika kusema nywele. Na mtu mmoja, karani au mwendesha mashitaka, angesikiliza giza lile kwa makini kama nilivyosikiliza mimi.

"Lakini hana hatia ya wizi," nikasema.

"Najua. Na uchawi pia hana. Unataka tuanze kuthibitisha la pili?"

Siku kadhaa tulizunguka hapo hapo. Mimi nilitaka tuombe mtafsiri wa mahakama, yeye akisema mtafsiri naye ana masikio. Mwishowe akamwita baba wa nyumba ofisini, peke yake, kwa mazungumzo ya suluhu.

Alikuja mwanamume mpole, mwenye kanzu iliyopigwa pasi vizuri, akakaa na tasbihi mkononi. Mimi nilikaa pembeni kana kwamba naandika. Ustadha akammiminia kahawa mwenyewe, akamsogezea tende.

"Maungamo haya," akamwambia, "yamesimama juu ya ulimi wa dereva wako. Wewe ndiye kafili wake. Wewe ndiye uliyemwita atafsiri, wewe ndiye uliyemhamisha wiki ile ile. Na katika video, aliyeshika kitambaa ni yeye. Mimi nikifika kwa hakimu nitauliza kuhusu hayo tu."

Niliinama nikaendelea kujifanya naandika. Mtu alikuwa ameniomba nisimtaje, na sasa jina lake liko mezani pamoja na tende.

Baba alisokota tasbihi. "Unamtuhumu dereva wangu?"

"Simtuhumu mtu. Nauliza."

"Ni mtu mwema."

"Inawezekana."

Akanywa kahawa, akatikisa kikombe kuonyesha imetosha. Kisha akasema kwa sauti ya uchovu, "Mke wangu hawezi kulala nyumba moja na huyo mwanamke. Mimi bangili siitaki. Nataka asafiri tu."

"Basi samehe haki yako kwa maandishi."

"Nitasamehe."

Na akasamehe. Hakuuliza hata mara moja kwamba, kama mtumishi wake hakukiri, basi alisema nini. Kila mtu angeuliza. Nilipomfungulia mlango nikajiambia labda anajua, alikuwa kasimama pale mlangoni pa chumba na yeye ana masikio, na pengine alimpeleka dereva mbali ili asiulizwe tena. Au pengine bangili ilikwisha kuonekana ndani ya nyumba na aibu ikamzuia kusema. Au hakuwa na habari yoyote, alikuwa mume aliyechoka. Nilimtazama akishuka ngazi na sikuweza kuamua.

Ustadha aliposikia lifti imefungwa akaniambia, "Usinitazame hivyo. Huyo dereva atakuwa salama. Bosi wake anamhitaji."

"Unajuaje?"

"Sijui. Nadhani."

Haki ya mlalamikaji ikaondoka, ikabaki ya dola, yaani adhabu ya serikali yenyewe. Hakimu akaona muda mteja wetu aliokaa ndani unamtosha, akaamuru arudishwe kwao. Video haikuchezwa mahakamani.

Nilikwenda kumwona kabla hajapelekwa uwanja wa ndege, na hapo nikamweleza yote, maana sikutaka aondoke akiwa yeye peke yake asiyejua. Nilimwambia madam alipiga kelele gani, dereva alisema nini, na nywele zilikokwenda. Alilia kwa ajili ya nywele, kilio cha chini chini, akijifuta kwa mkono wa gauni. Nilidhani atamshukuru dereva. Alimshukuru, akasema Mungu ambariki. Halafu akainua uso.

"Lakini madam, amenifanya mwizi. Huko nyumbani wameshasikia. Wasichana waliandika kwa kikundi. Mama mkwe amesikia. Nitawaambia nini, ati niliiba ndio nisiitwe mchawi?"

"Waambie hukuiba."

"Kila mwizi husema hivyo," akasema.

Askari mwanamke akaja, akasema yalla, nasi tukaagana kwa mikono.

Dereva nilimwandikia kumweleza kwamba mambo yamekwisha, na kwamba alitajwa mbele ya bosi wake japo si kwa hakimu. Nilitaka alijue kutoka kwangu. Ujumbe ulionyesha umesomwa. Hakujibu. Baada ya muda namba ikawa haipatikani. Dada mmoja wa kwenye kikundi akaniambia amehamia kazi nyingine huko huko Riyadh, mwingine akaniambia amerudi Nakuru amejenga. Neno hilo la kujenga lilinikaa kichwani. Mtu aliyefanya kazi miaka mingi anaweza kujenga, hilo ni jambo la kawaida kabisa. Nilijiambia hivyo, na bado nikajikuta namuuliza yule dada ni nyumba ya namna gani. Hakujua.

Nilishika kesi nyingine baada ya hiyo, nyingine zikiwa na video. Ustadha akaniongezea kazi za kusikiliza, na siku hizi kila picha inapofungwa giza sikimbilii tena kumshuku aliyefunga. Nawashuku wanaozungumza.

Yeye mwenyewe, mteja wetu, alinipigia simu mwaka uliofuata, nikiwa sokoni. Sauti yake ilikuwa imechangamka, hata sikuitambua. Mtoto ameanza shule. Mume ameondoka, amechukua mwingine, yeye anakaa kwa mama yake. Akaniuliza habari za Jeddah, joto likoje, kama ustadha mzima. Kisha akafika kwenye jambo lake.

"Madam, Saudia najua siwezi kurudi, walinichukua alama za vidole. Lakini Oman je? Wako sawa?"

"Nani anakupeleka Oman?"

"Kuna agenti hapa Kakamega. Ni mtu wa kuaminika."

"Nani amekwambia ni wa kuaminika?"

Akafikiri. "Ni yeye mwenyewe," akasema, na tukaanza kucheka wote wawili, mimi katikati ya soko na mfuko wa nyanya mkononi, mpaka watu wakageuka kunitazama. Nikamwambia anitumie picha ya mkataba niusome kabla hajatia sahihi. Akasema sawa, madam, leo leo natuma.

Nilingoja siku ile na iliyofuata. Nilipompigia, aliyepokea alikuwa mama yake, akaniambia amekwenda Nairobi, ndege ni kesho.